Picha ya Latifa na Kosa la Nusu kwa Nusu

Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Latifa wangu amepata diplome ya État, ya kumaliza sekondari! Asilimia sabini na moja! Tumemumwagia poda ya pongezi mpaka amekuwa mweupe kama unga wa muhogo. Mimi niliachia darasa la tano, lakini akili ile haikutoka kwa baba yake, huyo mwenyewe anakubali.

Mama Elodie wa ng'ambo ya barabara hajakuja kupongeza. Elodie wake alipata hamsini na mbili mwaka jana, wakachinja mbuzi, tukasifu mpaka mataya yakauma. Leo eti kichwa kinamuuma. Bien. Nimeagiza picha ya Latifa na poda yake, kadre ya rangi ya dhahabu, kioo mbele, kubwa! Keshokutwa motari wetu Matata atanipeleka na pikipiki yake mtaa wa Kasuku kuichukua. Tutarudi polepole.

Jumatano, tarehe 6

Naandika kwa mukono wa kushoto. Wa kuume umevunjika.

Tulipita mbele ya Mama Elodie. Alikuwa anatwanga sombe, majani yake ya muhogo, macho ndani ya kinu. Nikamuambia Matata ageuze. Tukapita tena. Macho ndani ya kinu! Mara ya tatu nikainua Latifa juu ya kichwa cha Matata, katikati ya barabara, watoto wanashangilia nyuma. Kadre nzito. Mikono ikachoka, picha ikateremka mbele ya macho ya Matata. Akalia kwamba haoni kitu. Nikamuambia aende tu, mimi naona.

Na niliona! Niliona Mama Elodie anainua macho! Gari ya jipu ya Papa Soudi, yule muuza mchele, hiyo njo sikuiona. Ilitoka kwake kinyumenyume, bila honi, yeye na telefone sikioni. Kioo, vipande. Matata, amepoteza kiatu kimoja tu. Mimi, mukono.

Wakati wa vita nilikimbia kwa miguu mpaka Kibombo, sufuria kichwani, mutoto mugongoni, sikuanguka. Leo naangushwa na muntu anayeuliza bei ya mchele!

Ijumaa, tarehe 8

Mukono huu njo unakaanga mikate ya kuuza. Mikate njo ilikuwa impeleke Latifa Kisangani kusoma udaktari. Sasa kumebaki asiransi, ile bima ya jipu.

Amekuja kijana wao, Godefroid, shati imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Amesema Papa Soudi amekosa: kurudi nyuma bila kuangalia, na telefone juu yake. Nikamuongezea sukari kwenye chai. Wakinilipa yote, mwaka muzima wa Latifa umepatikana.

Halafu akauliza picha ilikuwa wapi. Nikasema chini ya kwapa. Akanieleza taratibu: kosa likiwa la watu wawili, kila mumoja anabeba kipande chake, na kipande chako wanakitoa kwenye malipo. Picha ikiwa ilimuziba dereva macho, nusu inaenda. Nikamuuliza nusu ya nini, mukono wangu umevunjika nusu? Akasema mukono umevunjika wote, ila kosa lina wenyewe wawili. Wamesoma sana hawa watoto!

Matata amekubali kusema kwapa. Latifa amekasirika, anasema daktari hasomeshwi na uongo. Nimemujibu asome kwanza, uongo niachie mimi.

Jumapili, tarehe 10

Shahidi muntu muzima ni mumoja tu: Mama Elodie! Nimeenda kwake na tabasamu. Nimesifu Elodie, nimesifu ile mbuzi, karibu nisifu kinu. Akanijibu: dada, mimi sikuona kitu, nilikuwa na sombe yangu.

Ninapaswa kufurahi. Matata amefurahi. Baba Latifa ameniomba kesho kwa polisi nijibu ndiyo na hapana, basi. Nimeahidi. Lakini hakuona kitu? Mara tatu?

Jumatatu, tarehe 11

Kwa polisi wa barabarani. Papa Soudi akasema picha ilikuwa usoni mwa dereva. Matata akasema kwapa. Akaulizwa Mama Elodie. Akarekebisha kitambaa chake, akasema aliona pikipiki ikipita, mara moja, mbio kidogo, na mama fulani amebeba ubao kwapani. Labda mulango wa choo, akasema, maana choo chao kinajulikana.

Godefroid alikuwa anaandika. Yote kwa faida yetu! Baba Latifa akanikanyaga muguu. Ningenyamaza tu.

Mulango wa choo! Nikaruka. Nikasema ni Latifa yule, asilimia sabini na moja, tulipita mara tatu, na uliinua macho, mushenzi wewe! Nikasimama nyuma ya Matata na mukono wangu muzima nikaonyesha. Matata akajifunika uso. Godefroid akauliza kwa upole: kwa hiyo mama, juu ya kichwa, ao mbele ya macho? Nikasema mbele ya macho kabisa, njo maana aliiona vizuri!

Papa Soudi akacheka mpaka akakaa chini. Mama Elodie akasema aah, sasa anakumbuka. Picha nzuri, akasema. Poda nyingi.

Lakini amekubali! Mbele ya polisi!

Alhamisi, tarehe 14

Nusu. Kwa Latifa ni nusu mwaka. Nusu ya pili nitaikaanga mimi, plata ya mukono ikitoka. Latifa hakulia. Amesema ataenda na hiyo, na akiwa daktari ataanza na mudomo wangu. Asilimia sabini na moja, nawaambia!

Boti ya Ubundu, njia ya Kisangani, inaondoka Jumamosi. Picha sitabeba tena, nimekoma. Nitapeleka Latifa mwenyewe mpaka bandarini, kwa pikipiki ya Matata, kwa kupitia mbele ya Mama Elodie. Atakaa mbele, juu ya tangi ya mafuta, aonekane vizuri. Matata na mimi nyuma.

Matata ameuliza njia ataionaje. Nimemuambia aende tu. Nitamuongoza.