Kamera, Soksi na Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Juni

Likizo ya uzazi ya mke wangu inaisha. Jumatatu ijayo anarudi kazini, wodini kwake. Nani atakaa na Mheshimiwa? (Mheshimiwa ni mwanangu. Ana miezi minne, hana nywele, na nyumba nzima inafanya atakalo yeye.)

Mama mkwe ana jibu. Alikuwa mwalimu mkuu, majibu hajawahi kukosa. Amesema atamchukua mjukuu wake, akakae naye kwake mpaka aanze kutembea. Sisi tutakuwa tunakwenda kumwona mwisho wa mwezi. Alisema hayo huku anakunja nepi, kama mtu anayeomba kuazima sufuria.

Nikasema nitakaa naye mimi. Asubuhi yote. Saluni nitaifungua mchana, mke wangu akisharudi. Mama mkwe alicheka mpaka akaweka nepi chini. Mke wangu hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Amekata shauri: Jumamosi yeye na mama yake wataondoka, nami nitaachiwa mtoto peke yangu kutwa nzima. Nikimudu, anabaki. Nikishindwa, anakwenda kwa bibi yake.

Sitaki mwanangu anijue kwa kuonyeshwa picha. Nimeogopa, sitaficha. Lakini mwenye akili haogopi, hununua vifaa.

Jumanne, 4 Juni

Vifaa vimefika! Kitanda kinachojibembea chenyewe. Soksi ya kupima mapigo ya moyo. Kamera yenye spika, unaongea huku unasikika kule. Kisanduku cha kutafsiri kilio. Vyote vinazungumza na simu yangu kwa intaneti.

Mke wangu akauliza mtoto anaumwa nini. Nikasema haumwi. Akasema wodini mashine ya kupima mapigo hufungwa mgonjwa, mzima hutazamwa kwa macho. Nikamwambia hizo ni fikra za zamani. Akanitazama kama mteja niliyemgusa sikio kwa wembe.

Mchana mama mkwe alijilaza kwenye kochi. Kisanduku kikasikia anavyokoroma, kikaniletea ujumbe: mtoto ana njaa. Kitanda nacho kikaanza kubembea, kitupu. Mke wangu akasema labda mama kweli ana njaa, akaenda kumpashia chakula. Sikuona la kuchekesha. Kifaa kimesikia sauti, kimetoa majibu. Kosa ni la aliyekoroma.

Jumatano, 5 Juni

Siku ya aibu. Nilikuwa saluni namnyoa karani wa benki, mteja wangu wa siku nyingi. Upande wa kushoto umekwisha. Simu ikapiga king'ora: mapigo ya moyo hayapatikani.

Sikumbuki nilivyofika nyumbani. Nakumbuka mashine ya kunyolea ilikuwa bado mkononi. Mheshimiwa alikuwa kwenye beseni, anapiga maji mateke. Soksi ilikuwa kwenye kamba ya nguo, imefuliwa, imebanwa vibanio viwili. Mama mkwe amesema ilikuwa inanuka maziwa. Akauliza kama nilitaka amwogeshe nayo.

Nikakaa chini, pale pale kwenye maji yaliyomwagika. Mara karani akaingia, shuka shingoni, kichwa nusu nusu. Kanifuata njia nzima, kwa kuwa mchana alikuwa na kikao na meneja wake. Mama mkwe akampa pole na kiti. Nikammalizia sebuleni. Mashine ilivyoanza kunguruma Mheshimiwa akatulia tuli, akavalishwa nguo bila hata kukunja uso. Bila shaka ni kazi ya kitanda. Tabia imeanza kumkaa.

Karani aliondoka akisema yeye amelea watoto watano kwa masikio yake mawili. Hakuna aliyemuuliza.

Ijumaa, 7 Juni

Nimefunga saluni ili nifanye mazoezi na mtoto. Haiwezekani! Kila nikimlaza kitandani, bibi yake anamnyanyua. Kisanduku kikisema mtoto amechoka, yeye anasema ana gesi. Anampigapiga mgongoni, mtoto anacheua, naye ananitazama mimi, si mtoto. Akanikumbusha kuwa mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na huyu akilelewa na simu atakua anataka chaji.

Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Hawakusema ufanyeje akilipokea, akakulimisha wewe.

Ndipo akili ikanijia. Nikampa nywila ya intaneti, nikamfungulia tamthilia ndefu kwenye simu yake. Sehemu ya kwanza akasema ni upuuzi. Ya pili akataka miwani. Hadi jioni hakunyanyua mtu. Nimelala usingizi mzuri. Mimi si mtu wa kuchezewa.

Jumamosi, 8 Juni

Wameondoka asubuhi. Nikamvisha Mheshimiwa soksi, nikamlaza, nikawasha kila kitu. Nikakaa na chai yangu.

Bando limekwisha. Tamthilia imelila lote.

Kamera ikawa inazungusha kiduara tu. Kisanduku kikasema hakiwezi kutafsiri kwa sasa. Kitanda kikasimama upande mmoja kimeinama, kinaomba kuunganishwa. Mheshimiwa akateleza taratibu mpaka kona, akafungua mdomo. Kilio kile hakikuhitaji mkalimani.

Nikampa maziwa, akatema. Nikambadilisha nepi, nikaiweka nyuma mbele. Nikamwimbia, akalia zaidi. Nikamsimulia habari za wateja wangu wote, nani ana mba na nani anapaka rangi kisirisiri. Bado. Nilikaribia kulia na mimi. Niliona kabisa begi lake dogo likifungwa.

Mwishowe, kwa kukosa la kufanya, nikachomoa meno ya mashine ya kunyolea, nikaiwasha. Akanyamaza. Nikaizima, akalia. Nikaiwasha. Nikamfunga mgongoni kwa shuka ya saluni, mashine ikinguruma mfukoni mwa shati, tukazunguka nyumba nzima, sebuleni, jikoni, ukumbini na kurudi. Kichwa chake kikanilalia begani, kizito, cha moto, kinatoa mate. Sijapata kubeba kitu kinachonipenda kiasi hicho. Niliketi ukingoni mwa kochi, nikasinzia vivyo hivyo.

Waliporudi sebule ilikuwa kama imepigwa na kimbunga, nasi tunakoroma. Mke wangu akakaa karibu yangu, akanishika mkono. Akasema mtoto habaki kwa sababu ya bibi wala ya kitanda, anabaki kwa sababu ana baba. Mama mkwe akaanza kuokota nepi sakafuni. Akasema sawa.

Nimeshinda! Vifaa vimefanya kazi nzuri sana, hasa ukizingatia kwamba havikuwaka.

Jumapili, 9 Juni

Mama mkwe amefunga mizigo. Nilimkuta chumbani ameshika kijisoksi cha mjukuu wake, cha kawaida, anajifuta macho. Nikajisikia vibaya kweli. Amempakata mtoto huyu tangu siku aliyozaliwa.

Huruma ikanishika, na mpango pia. Nikamwekea ile kamera kwenye simu yake. Nikamwonyesha pa kubonyeza amwone mjukuu, na pa kubonyeza aongee naye. Akanikumbatia, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya harusi. Akiweza kumwona kwa simu, ana sababu gani ya kuja? Mke wangu akaniuliza kama nimefikiria vizuri. Nikamwambia mambo ya teknolojia aniachie mimi.

Jumanne, 11 Juni

Mke wangu ameingia kazini tangu jana, lakini jana bando lilikuwa bado halijajazwa. Leo nimelijaza. Nikampakata Mheshimiwa, nikamwambia sasa mwanangu tuko wawili tu.

Kamera ikasema tuko watatu.

Ikasema mtoto avae kofia. Nikamvisha. Ikasema si hiyo. Ikauliza kwa nini nakunywa chai ilhali mtoto hajala, na kwa nini nakunywa nimevaa kaptura tu. Nikaigeuza ikatazama ukutani. Ikasema ukuta una ufa. Nikaichomoa. Simu ikalia papo hapo: mke wangu, kutoka wodini, anasema mama hamwoni mtoto, nirudishe waya, yeye ana wagonjwa. Nikarudisha. Mama mkwe akanishukuru, akaniambia nikae wima.

Alipokuwa hapa, walau mchana alikuwa analala. Sasa halali kabisa, amesema kamera inamchangamsha.

Nimekaa nikatafakari bila hasira. Kosa si la kifaa. Kosa ni kwamba yeye ananiona, mimi simwoni. Kwa hiyo nimemwagizia zawadi, kamera ya pili, ikafungwe sebuleni kwake. Itafika Alhamisi. Atafurahi sana.