Kuinuliwa kwa Pikapu ya Wilaya

Wananchi watukufu mnaarifiwa kwamba barabara ya Lungalunga hadi Vanga haina mashimo tena. Hakuna jiwe lililosogezwa. Tulichokiinua ni gari.

Mimi ndimi katibu wa Kamati Ndogo ya Mwinuko, ofisini Kwale, na haya nayasema kifua mbele. Chanzo chake ni Bi Mwanatumu, mkunga wa Vanga, aliyepanda mlima mwaka wa tatu wa Uhuru kuja kutusumbua.

"Shikamoo, bibi," tulimwamkia.

"Marahaba, wanangu. Mishi wa kwetu mimba yake yaingia mwezi wa tisa. Mara ya kwanza gari lilizama matopeni, tukamchukua kwa kitanda mabegani mpaka zahanati ya Lungalunga. Mungu tu ndiye aliyemsitiri. Tutengenezeeni njia."

Bwana Chirau, Afisa wetu wa Maendeleo, aliguswa sana. Aliitisha kikao, tukanywa chai kwa mahamri, tukaafikiana kwamba barabara ni ndefu na gari ni fupi. Lipi rahisi kulirekebisha?

Fundi Dzombo akaletwa kutoka Waa. Akapachika magogo ya mvule kati ya springi na ekseli, akakata madigadi, akavisha pikapu ya wilaya magurudumu ya trekta. Ukisimama kando yake, mlango ulianzia kidevuni.

"Na huyo mzazi atapandaje, bwana?" Dzombo akauliza.

"Asiyeweza kupanda ni mgonjwa," akajibu Bwana Chirau. "Mgonjwa atangulie zahanati. Akipata nguvu, atapanda gari."

Nililiandika kuwa azimio.

Kupanda hakukutushinda, maana Bwana Chirau tulimsukuma. Kushuka ndiko kulikokuwa na siasa. Ilimbidi ateremke kinyumenyume kama mkwezi, akiwaelekeza wazee kile ambacho mwenye adabu hawaelekezi wazee. Kamati ikatoa waraka: kiongozi anaposhuka, wananchi wote wampe mgongo, kwa heshima.

Siku ya kuifungua barabara ambayo haikuguswa, tulisafiri raha mustarehe. Bwana Chirau hakuhisi hata shimo moja, akatangaza dirishani kwa kila tuliyempita kwamba mashimo yamekwisha. Tulipofika, Vanga nzima ikageuka. Hata mimi niligeuka, maana sheria haichagui. Tukasikia kiatu kikiteleza, kisha kishindo.

"Nimeanguka!"

"Pole, mwanangu," akasema Bi Mwanatumu, akiwa bado ametazama mikoko. "Umeshamaliza kushuka, au tungoje?"

"Geukeni!"

Kifundo cha mguu kilikwisha kuvimba. Tulijaribu kumrudisha garini, lakini kila tulipomnyanyua alipiga ukelele na kunguru wakaruka. Basi akalazwa juu ya kitanda cha kamba, vijana wanne wakakitia mabegani, wakashika njia ya Lungalunga. Bi Mwanatumu alitangulia. Pikapu ilifuata nyuma taratibu, mimi na dereva tukiwa tumestarehe humo ndani, na naungama kwamba sikuona haya.

"Polepole, jamani! Shimo hilo!"

"Shimo lipi, bwana?" akauliza Bi Mwanatumu bila kugeuka. "Si umetangaza yamekwisha?"

Hatujafika nusu ya njia, kengele ya baiskeli ikalia nyuma yetu. Alikuwa mume wa Mishi, kambeba mkewe, naye uchungu umemshika barabara, jasho linamtoka. Mishi alilitazama lile gari letu refu, akafumba macho.

"Tueni," Bi Mwanatumu akawaambia vijana. "Kitanda ni kimoja. Bwana Afisa, niwie radhi, lakini wewe huzai leo."

Wakamshusha Bwana Chirau kwa adabu zote, wakamweka kando juu ya nyasi, wakamlaza Mishi, wakaondoka mbiombio. Bwana Chirau akaamuru kitanda kirudi. Kitanda hakikurudi. Tulikuja kusikia baadaye kwamba Mishi alifika salama na kujifungua mtoto wa kike mwenye sauti.

Mvua ikaanza. Dereva, kwa kuwa hana cheo, alipandisha kioo chake akalala. Mimi nilimburura Bwana Chirau mpaka uvunguni mwa gari. Kwa niaba ya Kamati, naripoti kwamba mwinuko ulikuwa wa kutosha kabisa: Afisa aliketi wima humo chini hadi jioni, wala hakulazimika kuvua kofia.