Karamu ya Vyura Kitaluni

Jumatatu, 3 Aprili
Konokono tena. Wale wasio na gamba. Wamemaliza miche minne ya matango na kuniachia utelezi. Mke wangu Saodat kaingia kitaluni, kapima eneo kwa hatua. Anataka kujenga tanuri jipya la mkate papo hapo. Kanipa wiki mbili: nikimwekea matango mezani, kitalu kinabaki. Nikishindwa, fundi anakuja kung'oa nailoni niliyokiezekea. Miaka kumi na moja nimekilea kitalu kile! 

Jumanne, 4 Aprili
Dawa imepatikana. Vyura. Jirani yangu Ergash, ambaye matango yake huiva kabla ya yangu kila mwaka na lazima mtaa mzima usikie, anao tele mferejini. Nimemwambia nataka kumpunguzia kero. Akasema chukua, ndugu yangu, ila wakianza kuimba usinirudishie. Nimebeba tisa kwa ndoo. Saodat kauliza kama nimechoka kuishi na watu.

Jumamosi, 8 Aprili
Wachapakazi! Leo sijaona konokono hata mmoja. Maua ya njano kila mahali. Nimewawekea vyura sahani ya maji na vigae vya kujifichia. Yule mkubwa nimempa jina, Mkurugenzi. Saodat kachungulia, akasema haya, tutaona. Kwake hiyo ni sifa. Baadaye nikamsikia akimwambia fundi kwenye simu asiwe na haraka.

Jumapili, 9 Aprili
Sina raha. Konokono wameisha, sasa wageni wangu watakula nini? Mkurugenzi ananitazama kama mtu aliyeletewa sinia tupu. Nyumba hii mgeni haondoki na njaa. Hata yule mtu wa umeme aliyekuja kutukatia, alikula pilau kwanza. Nimewapelekea vyura nyama ya kondoo, laini kabisa. Hawakugusa. Nimeona aibu.

Jumatatu, 10 Aprili
Nimekwenda kwa Ergash kuomba konokono. Akauliza wangapi. Nikasema ndoo moja ikijaa itatosha. Akajaza mbili, na mkewe akakimbilia kwenye kabichi akaongeza bakuli. Mara ya kwanza Ergash kunisindikiza hadi langoni. Pengine nilimdhania vibaya miaka yote.

Jumatano, 12 Aprili
Vyura wameshiba. Wamelala chini ya vigae, hata kope hawapigi. Konokono hawajalala. Majani yamebaki mishipa mitupu. Tango ni moja, la urefu wa kidole, nimelifunika kwa bakuli la chai. Ergash kapiga kelele juu ya ukuta kwamba bustani yake haijawahi kuwa safi hivi, na eti nahitaji wengine? 

Jumapili, 16 Aprili
Nimelichuma. Nimelikata vipande vyembamba sana, nikavipanga vijae sahani, nikamwekea Saodat mezani. Akala kimoja taratibu. Akasema tamu. Nikamkumbusha: matango mezani, ahadi ni ahadi. Akasema tango, baba Nodira. Tango moja. Alisema kwa upole, na hapo ndipo iliponiuma. Kipande cha mwisho akanisogezea mimi.

Jumatatu, 17 Aprili
Fundi kafika mapema. Nailoni nimeikunja mwenyewe, sikutaka aichane. Vyura wamerudi wenyewe mferejini kwa Ergash. Nililia kidogo nyuma ya ghala. Saodat kanikuta, kaniletea chai, kasema mkate wa kwanza wa tanuri hili ni wangu. Mke mwema. Hawezi kuachwa peke yake na tatizo linalokuja, kwa sababu palipo na joto, nyenje watajaa, na mkate watautafuna. Yeye hajaliona. Mimi nimeliona. Ergash ana kalunguyeye wawili, wale wanyama wadogo wenye miiba mgongoni, na wanakula nyenje. Amekubali kunipa, tena kwa furaha. Kesho natafuta nyenje ndoo moja ya kuanzia, wageni wasije wakakuta hakuna kitu.