Vena Zangu Zimetulia

Jumatatu, 6 Oktoba
Balaa! Sithibitishwi kazini bila sahihi ya daktari, na muuguzi wake, Mama Julienne, amenipima akanirudisha. Presha juu mno. "Kijana hivi, na tension ya muzee!" Nirudi Alhamisi.
Mardochée wa meza ya jirani alipimwa, akafaulu mara ya kwanza. Aliwaambia wenzetu kwamba kifuani nimefungiwa moteur ya kamiyo, injini ya lori zima. Walicheka. Mimi sikucheka. Baba alianguka kule Kipushi kwa presha hiyohiyo, akifunga viatu vya kwenda kazini, asiamke tena.

Jumanne, 7 Oktoba
Nimesoma hadi macho yameuma. Moyo husukuma damu kwa nguvu ndani ya ateri. Ikirudi kwa njia ya vena, nguvu karibu imekwisha. Kumbe! Damu tulivu ninayo tayari. Mama Julienne amepima mshipa usiofaa.
Nimejaribu mwenyewe. Mkono chini, vena zinavimba. Mkono juu, zinalala bapa. Basi, mkono juu.

Jumatano, 8 Oktoba
Asubuhi nzima mkono wa kushoto hewani, wa kulia ukiandika. Chef Kalenga, mkuu wa ofisi yetu, aliuliza ninataka kusema nini. Hakuna, Chef. Baadaye akauliza nani atajitolea kupeleka hati za mizigo Sakania Jumamosi. Akaniona. Akanishukuru mbele ya wote. Mardochée alipiga makofi!

Alhamisi, 9 Oktoba
Nilimwomba Mama Julienne, kwa heshima, anipime kwenye vena. Alicheka hadi akakaa chini. Kisha akaacha kucheka.
"Mu vena, papa, presha iko chini kwa kila muntu. Hata kwa ule ataanguka kesho. Tunapima ateri sababu ni pale nguvu ya mutima inaonekana."
Akauliza habari za baba. Nikamwambia kuhusu viatu. Aliniacha nitulie, akapima, akapima tena. Bado juu. Si woga peke yake, alisema. Ni ugonjwa, na dawa ipo: kidonge kila asubuhi, hata nikijisikia mzima. Aliuliza kama baba naye alijisikia mzima.
Daktari ametia sahihi kwa sharti hilo, na nipimwe kila mwezi.

Jumamosi, 11 Oktoba
Nimethibitishwa! Nyumbani mama yangu alilia kwa furaha, akaweka kidonge kando ya chai yangu. Alipogeuka nilikitia mfukoni.
Nimefikiri kwa makini. Presha inayoandikwa ni ya siku ya kupimwa. Siku hiyo nitameza. Siku nyingine nitainua mkono na kutazama vena, na sasa hivi zimelala kabisa, naziona kwa macho yangu.
Mama anaita, gari la Sakania limefika. Nifunge viatu.