Mkono wa Shomari Wembe na Waya wa Ulaya

Habari aliileta kijiweni Lugembe, aliyebatizwa Redio kwa sababu hanyamazi hata betri zikiisha.

"Mmeyasikia ya Ulaya? Madaktari wametoboa fuvu la mtu anayetetemeka mkono, wakapenyeza waya hadi kwenye ubongo, wakatia umeme kidogo. Mkono ukatulia! Na mwenyewe yu macho, anapiga nao soga."

"Toka hapa!" alisema Narendra, mwenye duka na mwenye benchi. "Ubongo utiwe umeme kama taa ya baiskeli?"

"Wallahi tena! Wanasema huenda siku moja ukatibu kifafa, maumivu sugu, hata huzuni."

Shomari Wembe, kinyozi wa Mtendeni miaka thelathini, alikuwa ameukalia mkono wake wa kulia. Kesho mjukuu wake, mtoto wa binti yake Batuli, angetimiza siku arobaini na kunyolewa nywele za kwanza, na kichwa kile kilimngoja babu, maana vichwa vya watoto wote wa mtaa alivinyoa yeye. Lakini tangu masika mkono ulikuwa ukitetemeka, na jambo hilo lilimuuma kupita kiasi.

Balozi Silasi, kiongozi wa nyumba kumi, alipuliza kahawa yake. "Mimi nauliza, waya huo unatibu uvivu?"

"Uvivu si ugonjwa, Balozi."

"Kwangu ni tauni! Shamba la ujamaa tunalima mimi na jembe. Nipeni waya za kutosha na swichi moja, niiweke chumbani kwangu. Alfajiri nabonyeza tu, hao, wote shambani!"

"Na swichi yako wewe atashika nani?" aliuliza Narendra.

"Kiongozi hatiwi waya, bwana!"

"Na umeme ukikatika kama juzi?"

"Watabaki majembe juu mpaka fundi atoke Dar," alidakia Redio, na kijiwe kizima kikaangua kicheko.

Shomari hakucheka. "Huyo mtu wa Ulaya," aliuliza taratibu, "alirudi kazini kwake?"

Wakamtazama, wakautazama mkono. Ulikuwa umechomoka, unagonga benchi.

"Aa, Wembe! Wewe waya wa nini?" alisema Redio. "Hicho kibaridi tu."

"Mkono wa dhahabu huo," alisema Balozi. "Mtaa mzima hakuna kama wewe!"

"Kweli kabisa," alisema Narendra.

Maneno hayo yalimwingia Shomari, akafarijika. Akafungua mkoba wake, akatoa wembe na bakuli la maji, wembe ukawa unagongagonga ukingo wa bakuli.

"Basi nijaribu leo kabla ya kesho. Nani atangulie?"

Balozi akakumbuka kikao. Redio akasema taarifa ya habari inamngoja. Narendra alivuta kofia mpaka masikioni, akaingia dukani na kutia komeo, na hata adhana ya alasiri ilikuwa bado.

Shomari alicheka peke yake mpaka machozi, na machozi yale hayakuwa ya kicheko tu. Kisha akafunga mkoba, akaenda nyumbani.

Batuli alikuwa akimfunua mtoto. Utosi ulikuwa laini, unapwita. Shomari aliutazama sana.

"Mwite Ngollo, yule kinyozi wa Ipuli, aje kunyoa," alisema.

"Na wewe, baba?"

"Kwani mtoto akinyolewa hahitaji wa kumpakata? Nipe mjukuu wangu."

Alimpokea. Mkono ukatetemeka vilevile, mtoto akapiga mwayo, akalala.