Somo la Mama Mkwe

Jumatatu, 19 Agosti
...ndiyo maana nasema, mtu aliyeoa wiki tatu tu zilizopita hawezi kusoma darasa moja na mkewe akasoma jingine. Haiwezekani. Leo nimepanga masomo ya mwaka wetu wa kwanza chuoni, shahada ya masomo ya wenyeji wa asili. Mikataba ya ardhi: na Rochelle. Hadithi za wazee: na Rochelle. Mimea na uwindaji: na Rochelle, porini! Saa sita nzima nimepanga. Macho yanauma, moyo unaimba.

Jumanne, 20 Agosti
Mvua, mji mzima wa Saskatoon. Mshauri wa masomo, Bi Colette, ameitazama ratiba yangu na kushusha pumzi. Nimesahau somo la lazima, lugha yetu ya Kikrii, hatua ya kwanza. Bila hilo hakuna shahada. Mwalimu ni mmoja tu, Bi Verna.

Bi Verna ni mama mkwe wangu.

Kwetu Wakrii, wenyeji wa asili wa nchi hii, mwanamume hasemi na mama mkwe wala hamtazami usoni. Ndiyo heshima yenyewe. Bibi yangu amenilea hivyo, siivunji. Nikauliza mtihani ukoje. Mazungumzo na mwalimu, ana kwa ana, nusu saa. Nikaaga, nikasahau mwavuli.

Jumatano, 21 Agosti
Nimeomba somo la kushona shanga badala ya Kikrii. Wamekataa. Mpango wa pili: nikae nyuma na miwani ya jua, Rochelle anijibie kila swali. Rochelle alicheka mpaka akamwaga chai. Akauliza, "Kwani, mume wangu, umenioa ili nikufanyie mitihani?" Anavyocheka mke wangu! Shida nilizisahau dakika tano. Kisha zikarudi zote.

Ijumaa, 23 Agosti
Nimechoka kupanga. Nimeandika barua ya kuhamia uhasibu, peke yangu, jengo la ng'ambo ya mto. Nimeitia mfukoni, tukaenda kula kwa wakwe.

Supu ya kulungu, mkate wa kukaanga. Nikala nikitazama ukuta, kama kawaida. Bi Verna akamgeukia mbwa.

"Rusty, mwambie huyo anayetazama ukuta wangu, nimefundisha miaka ishirini, na waume wawili wa binti zangu wengine wamepita darasani kwangu. Darasani huwauliza kupitia mwanafunzi aliyeketi kando yao. Mtihani wao anausimamia mwalimu Harvey wa hadithi za wazee, naye anajua Kikrii. Angeuliza tangu Jumanne. Na mwambie avue viatu."

Rusty akanitazama kwa huruma. Nikamwambia Rusty asante sana. Nikavua viatu. Barua nimeichana chooni, vipande vidogo vidogo.

Jumapili, 25 Agosti
Ratiba imekamilika, ila Alhamisi mchana Rochelle ana somo la kushona shanga na mimi sina kitu. Saa mbili bila yeye! Nimejiandikisha.

Mwalimu ni Bi Noreen, mama mdogo wake Rochelle. Kwa desturi yetu naye ni mama mkwe wangu, sawasawa na Bi Verna. Rochelle ameuliza kama niko mzima. Nimemjibu kwamba kushona hakuhitaji maneno. Akanisomea karatasi ya somo: kila mwanafunzi ataketi mbele ya mwalimu amsimulie maana ya shanga zake.

Nimemwambia asiwe na wasiwasi, nina mpango. Tutakwenda kumsalimu Bi Noreen kabla ya mwezi kwisha. Natumaini anafuga mbwa.