Siku Kompyuta za Ukweni Zilipoonana

Jamani, leo nimejivua nguo ukweni. (Si nguo za kweli. Tulieni.) Naandika nikiwa ndani ya gari, nje ya geti la baba mkwe hapa Milimani, na mke wangu amekataa kutoka kwa nyumba tuondoke.

Wacha nianze mwanzo. Siku tulipopeleka posa, miaka minane iliyopita, mjomba wangu alisimama akatangaza, "Kijana wetu ni injinia wa kompyuta." Ukweli ni kwamba nauza wino wa printa. Lakini wewe ungeinuka umkosoe mjomba mbele ya wazee kumi na wawili? Nilitabasamu tu. Tangu siku hiyo Mzee, yaani baba mkwe, haniiti kwa jina. Ni "Injinia", asubuhi na jioni. Na mimi naitika.

Mzee ni mwalimu mkuu mstaafu. Mpaka leo anasahihisha kadi za harusi kabla ya kuchanga. Ameandika historia ya ukoo wao, kazi ya miaka sita, na yote iko kwenye kompyuta yake ya mezani, katika chumba anachokiita ofisi. Leo saa kumi wazee watatu wa ukoo walikuwa waje kuiona kwenye televisheni ya sebuleni. Juzi akanipigia simu.

"Injinia, nataka hiyo historia itoke ofisi iende kwa TV. Hiyo si ni kazi ndogo kwako?"

"Ndogo sana, Baba." (Huu mdomo!)

Saa nane nikafika na mke wangu na laptop yangu. Mpango ulikuwa rahisi: laptop naiunganisha na televisheni kwa waya, halafu kupitia Wi-Fi ya nyumba inasoma kilicho kwenye kompyuta ya ofisini. Nilijaribu kujiokoa mapema. "Ama tutumie tu flash, Baba?"

Akanitazama kama nimetukana kanisani. "Flash ilikula sura tatu za babu yangu. Flash haiingii kwa hii boma."

Sawa. Tukaanza. Laptop haikuiona kompyuta. Kompyuta haikuiona laptop. Wi-Fi ni moja, nyumba ni moja, kinachozitenganisha ni ukuta mmoja. Nikazima rauta, nikawasha. Nikazima kompyuta, nikawasha. Nikazima laptop, nikawasha. (Hapo uinjinia wangu ulikuwa umefika mwisho wa barabara.)

"Shida ni nini?" Mzee akauliza.

"Hazionani, Baba."

"Kwani zimekosana?"

Mama mkwe alikuwa jikoni akikaanga samaki waliotoka ziwani Dunga asubuhi. Akapaza sauti kutoka huko, "Umezitambulisha?"

Nikacheka kile kicheko cha mkwe, cha kuonyesha meno mawili tu. Kutambulisha kompyuta! Akina mama na mambo yao.

Saa tisa na nusu jasho lilikuwa limefika kiunoni. Nikaomba ruhusa, nikajifungia chooni na simu, nikatafuta video ya jamaa anayejua anachofanya. Jamaa akasema: kumbuka ulijibu nini ulipoingia kwenye hiyo Wi-Fi. Nikakumbuka. Laptop ilikuwa imeniuliza kama niko nyumbani au mahali pa umma, nami nikabonyeza "umma" bila kufikiri. Mimi ni mkwe! Nimelelewa vizuri! Ukweni unakalia ncha ya kiti, unakula nusu ya unachotamani, na hujifanyi uko kwako. Kumbe ukijibu hivyo, laptop inajificha, haitaki kuonwa na yeyote. Mama alikuwa amesema kweli. Hazikuwa zimetambulishwa.

Nikarudi mbio, nikabonyeza "nyumbani". Na kwa kuwa gari la wazee lilikuwa tayari linapiga honi getini, sikupoteza muda kuchagua folda ya kufungua. Nilizifungua zote za laptop yangu, kompyuta ya ofisini izione. Neno la siri nikalitoa. Anayetaka kuingia aingie!

Mzee alikuwa ameketi ofisini mbele ya kompyuta yake. Mara nikasikia, "Injinia! Naona jina lako hapa!"

"Ndiyo hiyo, Baba! Zimeonana!"

Nikaifungua historia kwenye televisheni, picha ya babu yao ikajaa kioo chote. Wazee wakaingia, wakapiga makofi. Mmoja akasema, "Huyu kijana kweli amesoma." Mke wangu, Akinyi, akanitazama vile alivyonitazama siku ya harusi. Kwa dakika nne hivi, nilikuwa injinia.

Kisha printa ya ofisini ikaanza kulia.

Mzee akatoka na karatasi mbili na kalamu nyekundu, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua. "Injinia," akasema polepole, "hii kitu nimeipata kwa folda yako. Inaitwa 'Wasifu wa Marehemu Mzee, ya mwisho kabisa'."

(Nijieleze. Mwaka jana Mzee alilazwa na nimonia wiki mbili nzima. Tuliogopa sana. Shemeji akaninong'oneza niandae kitu cha kusoma, tusije tukashtukizwa. Nikaandaa. Mzee akapona. Na mimi sikuifuta kwa sababu, tuseme ukweli, ilikuwa imetoka vizuri.)

Akasimama katikati ya sebule, akaisoma kwa ile sauti ya gwaride.

"'Marehemu alikuwa mtu wa watu.' Asante. 'Alipenda ukweli na nidhamu.' Asante. 'Alituacha tarehe...' Hapa umeacha nafasi. Unangoja mimi nikujazie?"

Mmoja wa wale wazee watatu akakohoa. Mimi nilitamani ardhi ipasuke, lakini ardhi ya Milimani ni ngumu, haimpasukii mgeni.

"Baba, nisamehe, ilikuwa tu..."

"Ngoja. Sijamaliza." Akafika mstari wa mwisho. "'Ameacha wajane wawili.'"

Hapa mnisikilize vizuri. Huo mstari haukuwa wangu! Nilinakili wasifu wa baba yangu mdogo, ambaye alikuwa na wake wawili mchana kweupe, nikabadilisha majina. Mstari wa wajane nikausahau. Basi! Ni kosa la kunakili! Nikafungua mdomo niseme hivyo.

Mzee akanitangulia. Kalamu nyekundu ilikuwa imemponyoka. Akaniinamia, akaninong'oneza kwa sauti ambayo sebule nzima iliisikia:

"Nani amekuambia?"

Yawa!

Mama akatokea mlangoni na mwiko mkononi. "Ameambiwa nini?"

"Hakuna kitu, Mama Akinyi. Ni kompyuta imekosea."

"Kompyuta gani inajua mambo ya wake?" Akaupiga mwiko mezani. "Ahero! Kila Alhamisi unaenda Ahero kuangalia mpunga. Miaka mitano! Nimewahi kuona hata debe moja ya mchele kwa hii nyumba?"

Wazee watatu wakaanza kutafuta kofia zao. Mmoja alikuwa ameivaa tayari, lakini aliendelea kuitafuta.

"Mama," nikasema, "tafadhali, ni mimi nilinakili vibaya..."

"Wewe Injinia nyamaza. Kwa hii familia yote, ni wewe peke yako umeniambia ukweli."

Mimi! Mimi ndiye mkweli wa familia! Nikatafuta macho ya Akinyi anisaidie. Akanitazama, na safari hii haikuwa kama siku ya harusi.

Nikatoka kinyumenyume hadi kwa gari. Samaki sikuonja. Nimekaa hapa saa nzima, sauti ya Mama inaruka ukuta mpaka majirani wamepunguza redio wasikie vizuri. Na sasa hivi simu imelia. Ni ujumbe wa Mzee. Amejifungia ofisini.

"Injinia. Unaweza kuzifanya zisionane tena?"

Nimemjibu ukweli mtupu: "Baba, hiyo sijasomea."